Ben Webster, mzee wa pumzi

Huku kwetu ukitaja jazi, akili ya mtu inakimbilia Morogoro Jazz, Western Jazz, au OK Jazz ya Franco kule Kinshasa. Ni magitaa, ni rumba, ni dansi la Jumamosi. Neno tulilichukua Marekani, muziki tukaupika wenyewe. Makala hii inahusu ile jazi nyingine, ya huko neno lilikotoka, na hasa mtu mmoja aliyeipuliza saksafoni kwa namna ambayo wapulizaji wa leo bado wanaiiga na kuambulia nusu yake. Alizaliwa Marekani, akafia Uholanzi, na majivu yake yamezikwa Denmark. Mnyororo huo wa nchi tatu ndio ulionifanya nimfuatilie. Mtu anafikaje huko?

Benjamin Francis Webster alizaliwa tarehe 27 Machi 1909 mjini Kansas City, jimbo la Missouri. Wazazi wake hawakukaa pamoja, kwa hiyo alilelewa na mama yake, aliyekuwa mwalimu, akisaidiana na bibi mmoja wa ukoo wao. Wanawake hao wawili walitaka mtoto mwenye adabu, basi wakampa fidla. Hakuipenda hata kidogo. Kilichomvuta ni piano, na bahati yake ilikuwa ng'ambo ya barabara: jirani yao alikuwa Pete Johnson, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wapiga piano wakubwa wa bluzi duniani. Johnson ndiye aliyemwonyesha mtoto yule namna mkono wa kushoto unavyozungusha bluzi bila kuchoka.

Kwa asiyejua, bluzi ni kitu chepesi sana kwa kukitazama. Ni mzunguko wa vipimo 12, wenye misingi mitatu tu ya sauti, unarudiwa na kurudiwa. Mtu yeyote anaweza kujifunza mzunguko wenyewe mchana mmoja. Kazi iko kwenye kusema jambo ndani yake. Ni kama shairi letu la mizani: kuhesabu mizani ni rahisi, lakini wangapi wanaohesabu sawasawa na bado hawana la kusema? Webster alikua ndani ya mzunguko huo. Kansas City ya ujana wake ilikuwa mji ambao sheria ya Marekani ya kupiga marufuku pombe haikuwa na meno, kwa sababu mwanasiasa mkubwa wa mji, Tom Pendergast, aliuendesha kama duka lake. Vilabu havikufungwa usiku, na palipo na vilabu visivyofungwa pana kazi kwa wanamuziki.

Nyumbani walimpeleka chuo, Wilberforce kule Ohio, mojawapo ya vyuo vikongwe vya watu weusi Marekani. Hakumaliza. Kabla mwenzangu mwenye sapu tatu hajaanza kujifariji, aelewe kwamba alipotoka chuo Webster aliingia kwenye darasa lililo gumu zaidi. Alikwenda Amarillo, Texas, akawa anapiga piano kwenye ukumbi wa sinema, enzi zile picha hazikuwa na sauti na lazima mtu akae chini ya pazia akizipigia muziki. Hukohuko alikutana na Budd Johnson, kijana mwenzake, aliyemwonyesha mambo ya mwanzo ya saksafoni. Baadaye akajiunga na bendi ya familia ya mzee Young, baba yake Lester Young. Mzee yule alikuwa mwalimu mkali wa kusoma nota, na Webster alishinda na saksafoni siku nzima pamoja na Lester. Walipokuwa Albuquerque vijana walikwenda kuogelea mto Rio Grande, na Webster alisimulia miaka mingi baadaye kwamba Lester alichukuliwa na maji na yeye ndiye aliyemvuta. Kama asingemvuta, historia ya jazi ingepungukiwa na nusu ya utamu wake, maana Lester Young naye alikuja kuwa mwamba.

Miaka ya 1930 Webster alizunguka bendi baada ya bendi. Desemba 1932 alikuwa na Bennie Moten, pamoja na Count Basie kwenye piano, wakirekodi kule Camden, New Jersey. Mwaka 1934 akaenda New York kwa Fletcher Henderson, halafu Benny Carter, halafu Cab Calloway. Julai 1935, akiwa na miaka 26, aliingia studio na Teddy Wilson kumpigia binti mdogo ambaye bado hajulikani sana, jina lake Billie Holiday. Tumkumbuke Teddy Wilson, atarudi mbele.

Mpiga piano Mary Lou Williams alisimulia kisa cha usiku mmoja Kansas City. Coleman Hawkins, aliyekuwa mfalme wa saksafoni ya tenori, alipita mjini, na vijana wa pale wakamkalia kooni mpaka alfajiri: Lester Young, Herschel Evans na Ben Webster. Wapiga piano wote wakaishiwa nguvu. Mwisho Webster akaenda kugonga dirishani kwa Mary Lou usiku wa manane, akimwomba aamke aje kushika piano, maana Hawkins alikuwa hajashindwa na wao hawakuwa tayari kulala. Kisa hicho kinaonyesha Webster wa wakati ule: mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya kunguruma, anayetaka kushindana. Wenzake walimpa jina la Brute, yaani mnyama mkali. Jina halikutoka hewani. Akiwa mzima alikuwa mpole mno, mwenye machozi ya karibu. Akishalewa ngumi zilikuwa karibu zaidi.

Mwaka 1940 aliingia kwa Duke Ellington, na hapo ndipo jina lake liliposimama. Ellington hakuwahi kuwa na mpulizaji wa tenori wa kudumu wa kupewa nafasi ya mbele namna ile. Tarehe 4 Mei 1940 wakarekodi Cotton Tail, wimbo wa mbio, na Webster akapuliza mizunguko ambayo wanafunzi wa saksafoni wanaikariri hadi leo, nukta kwa nukta. Ukiisikiliza utadhani umemjua. Bado hujamjua. Kilichombadilisha ndani ya bendi ile kilikuwa kiti alichokalia. Pembeni yake alikaa Johnny Hodges, mpiga alto, mtu asiyekunja hata uso, lakini akipuliza wimbo wa polepole ukumbi mzima unanyamaza. Webster, ambaye kabla ya hapo alikuwa anamfuata Hawkins kwa nguvu na kasi, akaanza kujifunza kutoka kwa jirani yake namna ya kuivuta nota moja, kuipandisha taratibu kama mtu anayepanda ngazi bila kuinua mguu.

Ndani ya bendi hiyohiyo kulikuwa na kijana wa besi, Jimmy Blanton, aliyeingia mwishoni mwa 1939 akiwa na miaka 21. Kabla ya Blanton besi ilikuwa ya kupigia hatua tu. Yeye akaifanya iseme. Webster alimpenda kama mdogo wake, walikuwa hawaachani. Blanton aliugua kifua kikuu na akafariki mwaka 1942, hajafikisha hata miaka 24. Mashabiki hadi leo wanaiita bendi ile ya Ellington kwa majina ya hao wawili, Blanton na Webster. Nina maoni yangu kwamba mapenzi yale ya Webster kwa vijana wa besi hayakufa na Blanton, lakini tutayafikia.

Mwaka 1943 aliondoka kwa Ellington vibaya. Visa vinatofautiana: wapo wanaosema alimzaba bosi kibao, wapo wanaosema aliikata suti yake kwa kisu. Kwa vyovyote, alikuwa amekosana na mtu aliyempa jina. Alirudi kwa muda mfupi mwaka 1948, lakini mambo hayakuwa yaleyale. Muziki wenyewe ulikuwa umehama. Charlie Parker, naye mtoto wa Kansas City, alikuwa amekuja na mtindo wa mbio na sauti zilizosokotana, na vijana wote walimfuata yeye.

Hapa ndipo ninapomheshimu Webster kuliko mahali pengine popote. Wakati wenzake wakikimbia, yeye alipunguza mwendo. Miaka ya 1950 alirekodi santuri zilizo bora kuliko zote alizotengeneza Marekani: na Art Tatum mwaka 1956, na Coleman Hawkins mwaka 1957, na Oscar Peterson mwaka 1959. Ile ya Tatum ina jambo la ajabu. Tatum alikuwa mpiga piano mwenye vidole vya kimbunga, anajaza kila nafasi. Mtu mwingine angeshindana naye. Webster anapuliza wimbo wenyewe tu, karibu kama ulivyoandikwa, nota chache, na anamwacha Tatum azunguke. Ukimaliza kusikiliza unakumbuka zile nota chache.

Sauti yake ilifanyaje kazi? Kwenye saksafoni mdomo hubana kipande cha mwanzi, na kubana huko ndiko kunakoshika sauti. Webster, hasa kwenye nota za chini, alilegeza. Aliacha hewa ipite pembeni ya nota. Unasikia pumzi kwanza, halafu nota inazaliwa ndani ya pumzi, inatetemeka, inakwisha, na pumzi inabaki ikitoka hadi kimya. Kwenye nyimbo za haraka alinguruma. Kwenye za polepole ungedhani mtu amekaa kando yako kitandani anakusimulia jambo lililomuumiza. Inasimuliwa kwamba alipenda kujua maneno ya wimbo kabla ya kuupiga, ingawa saksafoni haisemi maneno.

Desemba 1957 televisheni ya CBS ilirusha kipindi cha moja kwa moja ambacho bahati nzuri kimehifadhiwa. Billie Holiday anaimba bluzi yake, Fine and Mellow, na waliomzunguka ni Hawkins, Lester Young, Gerry Mulligan na wengine. Wa kwanza kupuliza ni Ben Webster. Baada yake anasimama Lester, yule wa Rio Grande, sasa amechakaa kwa pombe na maradhi. Mzunguko ni uleule wa vipimo 12. Mwaka 1959 Lester na Billie wote wawili walifariki.

Webster akabaki. Kwa sehemu kubwa ya miaka ile alikaa Los Angeles akiwatunza mama yake na yule bibi, wale wanawake wawili waliomnunulia fidla. Kazi zilipungua. Muziki wa vijana ulikuwa roki, na hata ndani ya jazi vilabu vilitaka kitu kipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wazee wake wote wawili wakafariki. Hakuwa tena na mtu wa kumfunga. Desemba 1964, akiwa na miaka 55, alipanda meli kwenda London kupiga kwenye klabu ya Ronnie Scott. Hakurudi Marekani tena hadi anakufa.

Januari 1965 aliingia Copenhagen, kwenye klabu ya Jazzhus Montmartre, mtaa wa Store Regnegade. Sasa Copenhagen ya wakati ule ilikuwa na jambo lake. Ilikuwa mji mdogo wa kaskazini wenye baridi kali, lakini Wamarekani weusi walishaanza kuujua. Oscar Pettiford, mpiga besi, aliishi na kufia huko mwaka 1960. Dexter Gordon alifika mwaka 1962. Kenny Drew, mpiga piano, alihamia mwaka 1964. Radio ya Denmark ilikuwa inarusha muziki kutoka Montmartre, na ndiyo sababu usiku mwingi wa klabu ile umehifadhiwa kwenye kanda. Kulikuwa na Storyville, kampuni ya santuri iliyoanzishwa hapo mjini mwaka 1952, iliyokuwa tayari kurekodi muziki ambao New York iliuona wa kizamani. Na mtu mweusi aliweza kuingia hotelini kwa mlango wa mbele, jambo ambalo kwao lilikuwa limepewa sheria mwaka 1964 tu.

Lakini jambo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa wale vijana. Msanii mgeni alifika peke yake na saksafoni yake, bila bendi. Wenyeji ndio waliompigia. Zile rekodi za Januari 1965 za Montmartre zina Webster, Kenny Drew kwenye piano, na Wadenmark wawili: Alex Riel kwenye ngoma, miaka 24, na Niels-Henning Ørsted Pedersen kwenye besi. Huyu wa besi alikuwa na miaka 18. Kumi na nane! Umri wa mwaka wa kwanza anayetafuta chumba hosteli. Count Basie alikuwa ameshamwita Marekani, akakataa kwa kuwa bado mdogo. Fikiria mzee aliyempoteza Blanton anageuka jukwaani na kuona mtoto mwingine anayeifanya besi iseme.

Sikiliza namna wanavyopiga pamoja. Kijana wa miaka 18 mwenye kasi ya vidole vile hutamani kuionyesha. Na pale pale mbele yake kuna mzee anayepuliza nota moja, anakaa, anapumua, anapuliza nyingine. Ukimpigia mtu kama huyo huna pa kujificha. Kila nota yako inasikika, na ukiijaza nafasi aliyoiacha umemharibia. Unasikia vijana wakijifunza kungoja. Mwaka huohuo alirekodi pia na kikosi cha mpiga tarumbeta wa Denmark, Arnvid Meyer, mtu aliyewapokea na kuwapigia Wamarekani wengi waliopita. Wageni waliongozana: wanakuja kwa wiki mbili, wanarekodi na wenyeji, wanaondoka. Webster ndiye aliyebaki, akawa mwenyeji nusu, anayepokea wageni kutoka kwao mwenyewe.

Isieleweke kwamba alifika peponi. Mwaka 1966 alihamia Amsterdam, akapanga kwa mama mmoja mtu mzima, na huko ndiko Johan van der Keuken alikotengeneza filamu kumhusu mwaka 1967. Ndani yake unamwona mtu mkubwa, mpweke, anayecheka na kuhuzunika kwa dakika moja. Alikunywa sana. Alinenepa, miguu ikawa shida. Wakati mwingine alipanda jukwaani hafai, na waliolipa tiketi walirudi nyumbani na hasira, tena kwa haki kabisa. Sioni sababu ya kuyafunika haya kwa kuwa jamaa alikuwa fundi. Hakujifunza lugha za huko vya kutosha. Sifa za wageni ni tamu, lakini hazikupi mtu wa kukukumbusha mlivyokuwa watoto. Waliomkumbuka alipokuwa mtoto wa Kansas City walikuwa ng'ambo ya bahari au kaburini.

Mwaka 1969 alirudi Copenhagen kuishi. Miaka yake minne ya mwisho ilikuwa na kazi nyingi. Kuna kanda ya mazoezi yake na bendi kubwa ya Radio ya Denmark, iliyotolewa baadaye kwa jina la No Fool, No Fun, ambayo naipenda kuliko maonyesho mengi. Unamsikia akisimamisha bendi, akiwaimbia kwa mdomo anavyotaka wapige, akiwarudisha nyuma tena na tena. Ni mwalimu darasani. Mambo aliyofundishwa na mzee Young, aliyoyapata kwa kukaa karibu na Hodges, anayagawa kwa Wadenmark kwa Kiingereza cha Kansas City, kwa kunguruma na kuimba.

Na mwaka 1970 akapita mgeni mmoja: Teddy Wilson. Miaka 35 ilikuwa imepita tangu studio ile ya Billie Holiday. Walirekodi pamoja Denmark, wakiwa na Wadenmark wawili kwenye besi na ngoma. Wilson bado ana vidole safi, haharakishi. Webster ana pumzi pungufu kuliko zamani, na anaijua idadi yake. Kila nota imechaguliwa. Ukiweka rekodi ya 1935 na hii ya 1970 moja baada ya nyingine, utasikia kijana anayetaka kusema kila kitu, halafu mzee aliyepunguza mpaka likabaki lile moja.

Tarehe 6 Septemba 1973 alipiga kwenye mji wa Leiden, Uholanzi. Muda mfupi baadaye alipata kiharusi, na tarehe 20 Septemba akafariki Amsterdam, miaka 64. Mwili ulichomwa Copenhagen na majivu yakazikwa makaburi ya Assistens, mtaa wa Nørrebro, wanakolala Hans Christian Andersen na mwanafalsafa Kierkegaard, yule anayewatoa jasho watu wa falsafa pale kitivoni. Saksafoni yake, aliyoiita Ol' Betsy, ilirudi Marekani bila yeye. Iko Newark, New Jersey, kwenye taasisi ya jazi ya Chuo Kikuu cha Rutgers, na kwa matakwa yake mwenyewe haipigwi na mtu.

Fedha za rekodi zake nazo zilipata pa kwenda, jambo ambalo wasanii wetu wengi na warithi wao wangelitamani. Mwaka 1976 ulianzishwa mfuko kwa jina lake nchini Denmark. Mirahaba inaingia humo, na humo hutoka tuzo ya Ben Webster na misaada kwa wanamuziki wa jazi. Kusini mwa Copenhagen pia kuna mtaa unaoitwa Ben Websters Vej, jirani na mitaa yenye majina ya Wamarekani wenzake waliohamia huko.

Kwa mwenye bando na spika za masikioni, asianzie Cotton Tail. Aanze na ile ya Tatum, usiku, hosteli ikishatulia. Halafu aende Montmartre, Januari 1965, na safari hii asimfuate Webster. Afuate besi ya yule kijana wa miaka 18.